Mkalimani wa Mama Mkwe

Nikiwa na wageni na mazungumzo yakafika kwenye siasa, huwa napenda kutaja kwamba namfahamu mwanamke aliyewahi kuongoza mambo ya nje ya nchi hii. Nataja kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja jirani, ili wageni waone kwamba kwangu si jambo kubwa. Naongeza kwamba kijiji chao na kijiji cha baba yangu ni kimoja, Kinyangiri, na kwamba nimewahi kula ugali wa mtama nyumbani kwake. Hayo yote ni kweli. Kisha nabadilisha mazungumzo haraka, maana mgeni mwenye akili angeuliza swali linalofuata: ilikuwaje akapoteza jimbo?

Alilipoteza kwa kura chache sana. Waliomwangusha wangeweza kukaa kwenye mabenchi mawili ya kanisa na nafasi ikabaki ya watoto. Sababu zilizotajwa zilikuwa barabara mbovu, zahanati isiyo na dawa, bei ya alizeti, na hadithi moja fupi ya kuchekesha. Kwenye barabara na bei ya alizeti sikuhusika. Hadithi ilitoka mdomoni mwangu.

Nianze na yeye. Kwa kawaida huanza na mimi mwenyewe, na tabia hiyo ni sehemu ya tatizo.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na kwa kweli hakuacha kuwa mwalimu. Aliowafundisha wanasema mwandiko wake ulinyooka hata pale ubao ulipopinda. Akachaguliwa kwenye jumuiya ya wanawake wa chama, kwanza kata, halafu wilaya. Akapelekwa kusoma, akarudi na shahada na miwani, akapangiwa kazi kwenye ubalozi wetu katika nchi moja ya baridi. Huko, alituambia baadaye, kazi yake ya kwanza ilikuwa kupokea makoti ya wageni mlangoni. "Nilipokea makoti miezi minane," alisema. "Nikajua nani anakumbuka kushukuru na nani hakumbuki. Hilo lilinisaidia kuliko faili zote."

Vyama vingi vilipokuja, akarudi kugombea ubunge. Ukoo alimozaliwa ulisema mwanamke aliyeolewa ni wa kwa mume. Ukoo wa mume ulisema huyo ni mtoto wa watu, aende kwao. Kwa wiki kadhaa hakuwa wa mtu yeyote. Yeye akasema kama si wa mtu basi ni wa wote, akazunguka vijiji kwa miguu na kwa trekta la misheni, akashinda. Miaka michache baadaye akawa naibu waziri wa jambo fulani la maji. Halafu, katika mabadiliko ya baraza, redio ikamtaja kuwa waziri wa mambo ya nje.

Siku hiyo nilikuwa Kinyangiri, kwenye mashine ya kusaga, nimepeleka mtama wa bibi. Mwenye mashine alizima injini ili tusikie vizuri. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walishangilia, isipokuwa mmoja mwenye ndoo ya mahindi kichwani.

"Mambo ya nje," alisema. "Na ya ndani tumwachie nani?"

"Ya ndani si unayaweza wewe?" mwenzake akamjibu. "Mumeo anashindwa hata kufunga mbuzi."

Wakacheka, injini ikawashwa, nami nikarudi nyumbani na unga na wazo. Wazo lilikuwa hili: waziri wa mambo ya nje ana balozi nyingi, balozi zina ofisi nyingi, na katika ofisi mojawapo hakikosekani kiti cha msomi kutoka jimboni kwake.

Lazima niseme hali yangu ilivyokuwa. Ilikuwa miaka ile ambapo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: maduka, mipaka, redio, magazeti, marobota ya mitumba. Kabla yetu, mtu akimaliza chuo kikuu serikali ilimpangia kazi, akapewa na tiketi ya treni ya kumfikisha. Sisi tuliambiwa soko ni huria. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya siasa, chumba cha kupanga Mandewa, vipindi vya kufundisha kwenye sekondari moja ya binafsi mjini Singida, na safu ya mizaha katika gazeti la wiki lililochapishwa Dar es Salaam. Gazeti hilo lilifika Singida likiwa limechelewa kiasi kwamba mizaha yangu ilisomwa kama historia. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na nilijiona nimeonewa na dunia nzima.

Mama yule, hata alipokuwa waziri, alikuwa na desturi ya kurudi jimboni na kukaa kibarazani kwake kila Jumamosi aliyokuwepo. Watu walikuja na shida zao, yeye akaziandika kwenye daftari la shule kwa ule mwandiko ulionyooka. Nilikwenda nikiwa na bahasha ya vyeti. Mbele yangu alikuwepo mzee aliyeibiwa ng'ombe na mama ambaye bintiye alinyimwa uhamisho. Nilikuwa wa tatu, na nilishangaa kidogo kwamba sikuitwa wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe ndiye wa lile gazeti. Nakusoma. Unachekesha, ila ukichoka unamtukana mtu." Alisema bila ukali, kama anayesahihisha insha. "Leo una shida gani?"

Nikaeleza. Nilitumia maneno kama mchango na taaluma na maslahi ya taifa. Alisikiliza hadi mwisho, akaandika mstari mmoja daftarini.

"Nafasi zinatangazwa," akasema. "Kuna usaili. Nenda kafanye."

"Nilidhani labda mama, kwa kuwa tunatoka..."

"Ndiyo. Kwa kuwa tunatoka huku, ndiyo maana uende kwenye usaili. Nikikupitisha dirishani, kesho atakuja wa mkoa fulani na dirisha lake, na watoto wa kina sisi watakuwa wamekwisha. Sisi madirisha hatunayo mengi."

Alinikaribisha chakula. Ndio huo ugali wa mtama ninaowatajia wageni. Nilikwenda kwenye usaili, nikashindwa, na nilishindwa kwa haki: waliniuliza swali kuhusu nchi jirani yetu nikajibu kwa mzaha. Lakini mtu akishindwa kwa haki humtafuta aliyemwonea kwa bidii zaidi.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa uchaguzi. Ndani ya chama alijitokeza mpinzani wake, mfanyabiashara wa vitunguu mwenye malori, mtu mcheshi, mkarimu, aliyejenga nyumba ya bati la rangi kabla ya wote. Hakuwa mtu mbaya. Sijawahi kufanikiwa kumfanya mtu mbaya, ingawa ingenisaidia sana katika simulizi hii.

Siku ya mnada wa mifugo pale Kinyangiri nilikuwa nimekaa kwenye banda la nyama choma. Mfanyabiashara wa vitunguu alikuwepo na watu wake, na karibu nasi alikaa mzee mmoja mchuuzi wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya mbuga ya Wembere. Watu wa ng'ambo ile ni watani wetu. Mtani anaweza kukwambia lolote mbele za watu, hata msibani, nawe huruhusiwi kukasirika. Unachoruhusiwa ni kumjibu.

"Nyinyi Wanyiramba mna shida," mzee alianza, akikata nyama. "Mmekosa mwanamume wa kumtuma Ulaya, mmetuma mama wa watu akawaombee chumvi."

"Na nyinyi mlimtuma nani?" akajibu mtu wetu mmoja. "Ng'ombe?"

"Ng'ombe wetu angerudi na ndama. Wenu amerudi na nini?"

Banda zima likacheka. Kisha mtu akanigeukia mimi. "Msomi, mjibu huyu mtu. Wewe si unaandika?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani tatizo lilikuwa utani wenyewe. Utani una sheria. Ukipigwa, unapiga upande wa pili: ng'ombe wao, mkwe wao, namna wanavyokula, namna wanavyokimbia vita. Kila mtoto aliyekulia kwetu ana akiba ya majibu hayo, ameyapata machungani, kwa Kinyiramba. Mimi akiba sikuwa nayo. Nilikulia Itigi, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa mtu wa reli, mama alikuwa Mgogo wa Manyoni, na nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowakutanisha. Nilielewa Kinyiramba kama mtu anavyoelewa redio yenye mikwaruzo.

Kwa hiyo nilipotakiwa kumpiga mtani sikuwa na kitu mkononi, na macho yote yalikuwa kwangu. Nikampiga waziri.

Nikasema, mnaijua ya mama mkwe wake? Mheshimiwa katoka Ulaya, kaenda kumsalimia mama mkwe. Bibi wa watu kamwona mkwe, kafurahi, kamwaga salamu ndefu, ya kizamani, na habari za mvua humo humo. Mheshimiwa katikisa kichwa kama yuko kwenye kikao cha mataifa. Halafu kamgeukia katibu wake: "Anasemaje?" Katibu naye mtu wa pwani. Ikabidi aitwe mwanamke jirani, akasimama katikati yao kama mkalimani. Kamsikiliza bibi, kamgeukia waziri, kasema: "Anasema, mwambieni mgeni akaribie."

Niliigiza sauti zote tatu. Nina kipaji hicho, nilikuwa nacho hata utotoni. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na nyama. Mfanyabiashara wa vitunguu alipangusa macho kwa leso.

"Rudia," alisema. "Hebu rudia pale anapotikisa kichwa."

Nikarudia.

Yule mzee mchuuzi wa ng'ombe peke yake ndiye hakucheka. Alipangusa kisu kwenye kipande cha gazeti, akaniambia kwa sauti ya chini, "Bwana mdogo, huyu si wa kutaniwa na wewe. Ni wenu. Ningemsema mimi, ungekuwa utani. Ukimsema wewe ni ushahidi."

Nilimjibu kitu cha kuchekesha. Sikumbuki nini.

Kuna jambo jingine kuhusu hadithi ile. Mama mkwe wa waziri alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakuwepo wa kukanusha. Ningependa kuandika kwamba sikulifikiria hilo. Nililifikiria, nikiwa bado nafungua mdomo, nikaona linafaa.

Wiki mbili baadaye kinyozi wangu wa Mandewa alinisimulia hadithi hiyo hiyo, mashine ikiwa shingoni mwangu. Alikuwa ameiboresha. Kwake mkalimani alikuwa mzungu aliyesomea Kinyiramba chuo kikuu. Alipomaliza aliniuliza, "Umeisikia hii?" Nikasema ndiyo, nimeisikia. Akaniambia imetoka kwa mtu wa ndani kabisa ya familia. Sikutikisa kichwa, kwa sababu ya mashine.

Wala hadithi yenyewe sikuitunga. Kipande hiki ndicho ninachokiandika kwa shida kuliko vyote.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilikwenda Kinyangiri likizo ya Krismasi, baada ya miaka kadhaa ya kutofika. Bibi, mama yake baba, alitoka jikoni akinifuta uso kwa kiganja chake kama anayefuta kioo, akaanza kunisalimia. Ilikuwa salamu ndefu ya kizamani, na habari za mvua humo humo. Bibi alijua Kiswahili cha sokoni tu, cha bei na vipimo. Nilitikisa kichwa. Aliponyamaza kusubiri jibu, nilimgeukia shangazi aliyekuwa anapepeta ulezi na kumwuliza, "Anasemaje?"

Shangazi alimtazama mama yake, kisha mimi.

"Anasema nimwambie mgeni akaribie."

Bibi alicheka. Kwetu bibi ni mtani wa mjukuu, mtani mkubwa kuliko wote, na alikuwa amepewa zawadi ya Krismasi. Jumapili ile, baada ya ibada, aliwasimulia wanawake kwenye ua wa kanisa kwamba kwake ameingia mgeni kutoka ng'ambo, mrefu, mwenye viatu, anayetembea na mkalimani. Walicheka, nikacheka nao kwa kuchelewa kidogo, baada ya shangazi kunifasiria. Bibi alinishika mkono muda wote. Mle machoni mwake hamkuwa na lawama hata kidogo. Lakini mimi nilirudi na aibu ile chuoni Dar es Salaam kama mwiba, na nilipopata mtu wa kumhamishia, nikamhamishia.

Waziri alikuwa anajua Kinyiramba kuliko watu wengi wa rika lake. Kila mtu wa Kinyangiri alilijua hilo. Lakini jimbo ni kubwa kuliko Kinyangiri, na wajumbe wa mbali walikuwa wamemsikia akizungumza majukwaani tu, ambako sheria inataka Kiswahili, na kwenye redio, ambako alizungumza Kiingereza cha watu wazima.

Mkutano wa kura za maoni, wa wajumbe wa chama kumchagua mgombea wao, ulifanyika kwenye bwalo la sekondari moja. Niliingia kama mwandishi, nikakaa pembeni na daftari. Msimamizi alikuwa ametumwa kutoka mkoani, mtu wa kanuni, na alizisoma zote: kila mgombea na dakika zake, maswali matatu, hakuna kushangilia kwa vyombo, na hakuna lugha ya kabila, ni Kiswahili tu.

Mfanyabiashara wa vitunguu alitangulia. Kabla hajashika kipaza sauti vizuri aliwasalimia wajumbe kwa Kinyiramba, salamu fupi tu, na bwalo likaitikia kwa kishindo. Msimamizi alimwonya. Aliomba radhi huku akitabasamu, na radhi hiyo ikashangiliwa pia.

Waziri alipomaliza kujieleza, mjumbe mmoja mzee kutoka kata ya mbali alisimama. Hakuwa na dharau. Alikuwa amevua kofia.

"Mheshimiwa, mimi nakuheshimu. Lakini tunasikia kwamba ulipokwenda kumsalimia mama mkwe wako, Mungu amrehemu, ilibidi utafutiwe mkalimani. Ni kweli?"

"Si kweli, mzee wangu."

"Basi tusalimie kwa lugha ya nyumbani tusikie. Yaishe."

Watu wakasema naam, yaishe. Waziri alimtazama msimamizi. Msimamizi alitikisa kichwa: hapana. Nadhani bwalo zima lilijua kwamba angeweza kusema neno moja tu, akaonywa kama mwenzake, na mambo yakawa yamekwisha. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, miaka hii yote kazi yangu imekuwa kukaa mbele ya mataifa makubwa na kuwaambia: fuateni kanuni mlizoziandika wenyewe. Hatuna kitu kingine cha kuwashikia. Siwezi kuja kuzivunja nyumbani."

Lilikuwa jibu zuri. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee akavaa kofia yake akakaa.

Kisha, akiwa bado amesimama, alitembeza macho kwenye bwalo, benchi kwa benchi, mpaka pembeni nilipokaa, akayasimamisha hapo kwa muda ambao mtu anaweza kuvuta pumzi moja. Kalamu yangu ilikuwa inaandika. Baadaye nilikuta nimeandika neno "kanuni" mara nne. Ningeweza kusimama. Mwandishi haruhusiwi kuzungumza kwenye mkutano wa namna ile, na ndipo nilipogundua jinsi ninavyoheshimu kanuni mimi pia.

Kura zilihesabiwa mchana ule ule, na jina lake likaachwa. Asiyekuwa mbunge hawezi kuwa waziri. Katika baraza jipya mambo ya nje yalipewa mwanamume mmoja, na redio ikaizoea sauti yake.

Ilinichukua miezi mitano kwenda kwake. Nilimkuta kibarazani na ungo wa karanga mapajani, anabambua. Hapakuwa na foleni ya watu wa Jumamosi. Alinipokea, akanisogezea kigoda na nusu ya karanga.

"Kaa. Usikae na mikono mitupu."

Nilibambua karanga kadhaa. Nilikuwa nimeandaa utangulizi. "Mama, katika mazingira ya siasa zetu za sasa, ambapo mipaka kati ya fasihi simulizi na..."

"Baba, sema."

"Ile hadithi ya mkalimani. Niliisema mimi. Mnadani."

"Najua."

"Nani alikwambia?"

"Yule mzee wa ng'ombe, wa Wembere. Alikuja siku ile ile jioni, kabla nyama haijatulia tumboni. Alisema, mimi ni mtani wenu, nakutukana mbele yako, kwa hiyo na hili nakuletea mbele yako." Alipuliza maganda ya karanga. "Na ningejua tu. Nilikuwepo kanisani Krismasi ile bibi yako aliposimulia. Nilicheka kuliko wote."

Niliendelea kubambua. Kuna heshima fulani katika kuwa na kazi ya mikono wakati kama huo.

"Kwa nini hukusema pale bwaloni?" niliuliza. "Ungeninyooshea kidole tu."

Alipepeta ungo kidogo.

"Bibi yako alikuja hapa," akasema. "Wiki moja kabla ya mkutano. Kwa miguu, na fimbo yake. Alikuwa ameisikia hadithi kisimani. Akaniambia, mwanangu nisamehe, ni mdomo wangu. Nilisimulia ya mjukuu wangu, watu wameichukua wakakuvika wewe. Alitaka aje mkutanoni, asimame mbele ya wajumbe, aseme ni yake."

"Na wewe?"

"Nikamkatalia. Angesimama, angesema watu wameigeuza. Na mmoja wa wale waliokuwa mnadani angempigia kelele: bibi, si watu, ni mjukuu wako. Angeyasikia hayo mbele ya watu wote." Akaokota karanga iliyoanguka. "Jimbo linarudi kila baada ya miaka mitano. Bibi yako ana umri gani?"

Nilibambua karanga nyingine, nikaitupa kwenye maganda.

"Nilimwambia si kosa lake," aliendelea. "Hakuniamini. Tangu siku ile amekoma kusimulia. Baada ya ibada anakaa tu. Hujaona?"

Nilikuwa nimeona. Nilikuwa nimemwambia shangazi kwamba ni uzee.

"Mimi yangu yamekwisha," mama yule alisema. "Hilo la bibi ni la kwako. Mwambie."

Nyumba ya bibi haikuwa mbali. Nilimkuta ameketi nje, akanifuta uso kwa kiganja. Shangazi alikuwa anapika. Nilikaa pale hadi chakula kikaiva, na nilikuwa na sababu nzuri ya kutosema: kueleza jambo lile kwa Kinyiramba nisingeweza, na kumwomba shangazi anifasirie ungamo langu kulikuwa kichekesho ambacho hata mimi nisingethubutu kukiandika. Nilijiambia hivyo. Lakini bibi alijua Kiswahili cha sokoni. "Bibi, ni mimi" ni maneno matatu, na hata sokoni yanaeleweka. Nilikula, nikaaga, nikarudi Mandewa. Nilirudi tena mara nyingi, na kila mara nilikula.

Bibi alifariki miaka miwili baadaye, mwezi wa mavuno. Watani kutoka ng'ambo ya Wembere walikuja msibani, wakaigiza alivyokuwa akitembea na fimbo, wakadai wapewe kuku wake wote. Waziri wa zamani alikuwa miongoni mwa wanawake waliopika, amejifunga khanga kiunoni kama wengine. Tulipokuwa tunatoka makaburini alisogea karibu yangu.

"Ulimwambia?" aliniuliza.

"Nilimwambia, mama."

Alinishika bega. "Vizuri. Basi amekwenda mwepesi," alisema, na nikaona uso wake ukilegea, uso ambao sikuwahi kuuona ukilegea hata siku ile ya karanga kibarazani. Akarudi jikoni kwa wenzake. Mtu aliyekaa miaka yote ile na mabalozi, anayejua nani anadanganya kwa namna anavyovua koti, aliniamini mimi.

Yupo bado, hapo Kinyangiri. Macho yamepungua nguvu, lakini bintiye humsomea kila ninachochapisha, na yeye hunitumia ujumbe wa kusahihisha. Kwa hiyo hili naye atasomewa, pengine kibarazani, na atajua leo kwamba sikumwambia.

Shikamoo mama.